Radhi Kabla ya Moto

Mlinzi mmoja wa nyumba ya wageni ya Diani yuko rumande akishtakiwa kuchoma banda la makuti, na ushahidi mkubwa dhidi yake ni kwamba aliomba radhi. Aliiomba alasiri, banda likaungua magharibi. Baina ya radhi na moto palikuwa na muda wa kupika wali wa nazi ukaiva, si zaidi, lakini polisi wakapata humo nia, mpango na mkosaji, vyote kwa pamoja.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana walioishughulikia kesi hii kabla yangu walikuwa na haraka. Nyumba na kijiji chake nimevibadilisha. Sababu itaonekana.

Ijumaa hiyo zamu yake ya mchana iliisha. Akasali, akavaa shati safi, akazunguka. Alianza kwa mpishi, akaenda kwa mfuaji nguo, akaenda kwa mtunza bustani, kisha kwa mlinzi mwenziwe wa zamu ya usiku. Kila mmoja alimshika mkono akamwambia, "Kama kuna nililokukosea, kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi." Wote walimjibu inavyojibiwa: hakuna baya, nami niwie radhi. Wa mwisho alikuwa meneja, mama wa bara aliyehamia Diani si zamani, na wakati huo alikuwa akikagua mashuka.

"Umefanya nini?" meneja akauliza.

"Sijafanya kitu, mama."

"Sasa sori ya nini na hujafanya kitu?"

Mlinzi akatabasamu, akainamisha kichwa, akaondoka. Jua lilipozama, banda lililokuwa kando ya bwawa la kuogelea liliwaka. Makuti yalikuwa makavu ya miaka, na ndani mlikuwa na friji la vinywaji ambalo waya wake ulifungwa kwa selotepu. Friji hilo halikuchunguzwa na mtu. Liliburutwa na majivu likatupwa. Mlinzi alikamatwa asubuhi yake kituoni akingoja gari la kwenda Msambweni, amebeba mkoba. Ndani ya mkoba polisi walikuta vikoi viwili, sabuni, kikombe, chupa ya chai na beseni la plastiki. Wakaandika kwamba mshukiwa alikuwa mbioni kutoroka. Nimewahi kusikia habari za wakimbizi wa sheria wa kila namna, lakini huyu ndiye wa kwanza kutoroka na beseni.

Walipomuuliza anakwenda wapi, alijibu kwamba anasafiri kidogo. Askari aliyeshika kalamu alikuwa msichana wa umri wa binti yake.

Kwa msomaji asiyekulia huku, neno moja. Kwetu, mtu anayekabiliwa na jambo zito huwazunguka watu wake akitaka radhi. Anayekwenda kuhiji huzunguka mtaa mzima. Mwanamke aliyekaribia kujifungua hufanya hivyo, na anayekwenda kupasuliwa pia. Haina maana kwamba amemkosea mtu. Maana yake ni kwamba huenda asirudi, na hataki kwenda na kinyongo cha mtu. Watoto wa madrasa wanalijua jambo hili kabla hawajajua kufunga viatu. Polisi wakilifanyia kazi walivyolifanyia kwa mlinzi yule, basi kila msimu wa hija mahabusu za pwani nzima zitafurika mahujaji.

Mimi nilifikaje kwenye kesi hiyo? Nilikuwa mwandishi wa habari za mahakamani wa redio moja ya Ukunda. Kwa miaka nilikaa kwenye benchi la nyuma nikiwasikiliza watu wa kwetu wakikubali makosa kwa sauti ya chini, halafu wakitoka nje wanashangaa kwamba wamefungwa. Nilitaka kujua kwa nini. Nikajiandikisha katika shahada ya uzamivu, kwenye saikolojia ya masuala ya uhalifu na mahakama, katika chuo kikuu kimoja cha bara. Kijijini walisikia hivyo wakaichambua kazi yangu kwa njia yao. Nikipita barazani Kinondo, hapakosi mtu wa kuniita, "Daktari wa wezi! Leo umempima nani?" Nami hujibu kwamba bado natafuta mgonjwa, na kama yupo mwenye dalili na asimame. Hapo wote hukaa chini.

Msimamizi wangu wa masomo ni profesa. Kusini mwa kivuko cha Likoni amekuja mara kadhaa, zote kwa ndege, zote hotelini. Ana dodoso analolipenda kama mtu anavyompenda mjukuu wa kwanza. Lilitungwa ughaibuni na kufasiriwa kwa Kiswahili na watu ambao, kwa ninavyolisoma, hawakuwahi kukitumia kumsalimu mtu mzima. Kazi ya dodoso hilo ni kupima hatia iliyojificha moyoni. Mtu huulizwa maswali, hujibu ndiyo au la, alama hujumlishwa. Alama zikipanda, mtu huyo ana jambo analolificha.

Kabla ya kulipeleka kwa mahabusu nililijaribu nyumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua pojo.

"Swali la kwanza," nikasoma. "Je, huwaomba watu msamaha hata kama hawajakulalamikia?"

"Nisiwaombe nina kiburi gani?"

"Ni ndiyo au la, mama."

"Ndiyo. Na uandike kwa nini."

"Hakuna nafasi ya kwa nini."

"Basi aliyeitunga hakulelewa. Endelea."

"Je, hufikiri kwamba huenda umewakosea watu bila wewe kujua?"

"Kila siku. Kwani wewe hufikiri?"

"Je, hujiona mwenye makosa unaposimama mbele ya mkubwa?"

"Mkubwa gani? Mungu au chifu?"

Tukaendelea hivyo mpaka pojo zikaisha. Nilipokuwa nikijumlisha alininyooshea shingo. "Haya, nimefaulu?"

"Umefaulu mno, mama. Kwa karatasi hii wewe ni mkosaji sugu."

Akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Basi nifunge, mwanangu. Angalau huko nitapumzika kupika."

Nikaenda kwa imamu wetu, alama zake zikampita mama. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyekuwa akirudisha chaki zilizobaki, alionekana ni wa kuwekwa chini ya ulinzi. Mtu safi kuliko wote niliowapima, mwenye moyo mweupe kabisa kwa mujibu wa sayansi, alikuwa dalali wa viwanja wa Ukunda ambaye huku hakuna asiyejua kwamba kiwanja kimoja amekiuza kwa watu wengi. Kila swali la msamaha alijibu la, tena upesi, huku akiangalia simu.

Nilimwandikia profesa matokeo hayo. Akanijibu kwamba sampuli yangu ina kasoro. Nikamuuliza kama kasoro anayoisema ni mama.

Hapo ndipo wakili wa mlinzi aliponipigia simu. Alikuwa binti mchapakazi anayewatetea wasio na uwezo bila malipo, na alimtaka mtaalamu aieleze mahakama maana ya ile radhi. Wataalamu wa fani hii upande wetu hawajai mkono, na mimi hata sijahitimu, lakini hakimu alikubali nimwone mshtakiwa na kuandika ripoti. Nilimwarifu profesa kama taratibu zinavyotaka. Alifurahi kupita kiasi. "Umebahatika," akasema. "Hii peke yake ni sura nzima ya tasnifu." Mtu yuko rumande analala sakafuni, nami nimebahatika.

Siku ya kwanza nilimkuta mlinzi amekaa wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja posa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari wa wezi?"

"Sifa zimefika mpaka humu?"

"Humu ndimo wanamokaa wagonjwa wako. Lakini kwangu umepotea njia, mwanangu. Mimi sikuiba, wala sikuchoma."

"Nataka kujua kwa nini uliomba radhi."

"Siku hizi mtu akiomba radhi huulizwa risiti?"

Sikupata zaidi ya hapo. Siku ya pili aliniuliza habari za kijiji, mvua na bei ya mkaa, akaniaga. Siku ya tatu aliniuliza mimi ni mkwe wa nani, nimeoa wapi, na kama kuna udugu wowote baina ya watu wangu na watu wa mkewe. Alipohakikisha kwamba hakuna, alisogea karibu akaniambia. Alikuwa akienda hospitali ya Msambweni kupasuliwa maradhi ya wanaume ambayo huku hayatajwi mbele ya wakwe. Alikuwa nayo miaka mingi, akiyaficha kwa vikoi vipana. Alinitaka ahadi kwamba nisiyataje, nikaitoa, na ndiyo maana siyataji hapa wala simtaji yeye. Beseni na chupa ya chai vilikuwa vya wodini.

Kwa hiyo kesi nzima ingeweza kuisha kwa cheti kimoja. Hospitali ilikuwa na siku yake na jina lake. Wakili alipoelewa kwamba kuna hospitali ndani ya habari hii, kwa idhini ya mzee mwenyewe lakini bila kuambiwa maradhi gani, nusura aruke juu ya meza.

"Baba, niruhusu nichukue cheti. Kimoja tu, na unakwenda nyumbani!"

"Kitasomwa?" mzee akauliza.

"Lazima kisomwe."

"Kwa sauti?"

"Mahakamani kila kitu husomwa kwa sauti, baba."

"Na mama mkwe wangu amekaa pale mbele."

"Tutamwomba asije siku hiyo."

"Utamwambia asije kwa sababu gani?"

Wakili akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta.

"Binti yangu," mzee akasema kwa upole, "kifungo nitakitumikia kiishe. Hilo likishasemwa mbele yake, nitaishi nalo wapi?"

Mama mkwe huyo nimemwona kila kesi inapotajwa. Huja kutoka mbali na leso zake mbili na kikapu cha chakula, hukaa benchi la mbele kabisa, na humwambia yeyote aliye karibu naye kwamba mkwewe hajawahi kuinua hata sauti. Anaamini hana hatia, ndiyo maana haachi kuja. Na kwa kuwa haachi kuja, mzee hawezi kufungua mdomo. Mkewe anajua yote na amenyamaza, kwa sababu mwenye kuambiwa ni mamaye.

Katikati ya mambo haya kulikuwa na warsha Diani. Profesa alikuja kuwafunza maofisa wetu wa polisi na wa mahakama saikolojia ya uhalifu. Ukumbi ulikuwa na madirisha yaliyofungwa, mapazia yaliyovutwa na kiyoyozi kilichotufanya tujikunyate kama kuku walionyeshewa, huku nje watu walikuwa wakitembea vifua wazi. Mhudumu aliyetuletea chai alikuwa kijana wa Kinondo, najua kwao. Alipoweka kikombe alisema samahani. Alipokiondoa alisema kunradhi, bwana. Alipopita nyuma ya kiti cha profesa, ambaye ndiye aliyekisogeza kiti kikaziba njia, akasema niwie radhi. Kwa kipimo kile, kijana huyo alistahili kifungo cha maisha kabla ya mapumziko ya saa nne. Profesa hakumwona. Alikuwa akifungua ukutani ukurasa ulioandikwa kwa herufi kubwa: Msamaha wa Mapema kama Dalili ya Nia.

Akaanza kueleza kisa cha mlinzi wa nyumba ya wageni. Hakumtaja jina. Alisema kwamba mtu asiye na kosa haombi msamaha, na anayeomba kabla ya kosa kutokea amekwisha kulitenda moyoni. Maofisa waliandika. Mmoja alipiga picha ukutani kwa simu yake.

Nikanyoosha mkono. "Profesa, na anayeomba radhi kabla ya kwenda kuhiji?"

"Tusichanganye dini na sayansi."

"Na mwanamke anayekwenda kujifungua?"

"Huo ni mfano wa kipekee."

"Mfano wa kipekee ni wanawake wote wa hapa?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaangalia kama profesa anacheka. Hakucheka. Alisema kwamba mwanafunzi wake ana uchungu na watu wa kwao, jambo la kawaida kwa mtafiti mchanga, na kwamba uzamivu ndio humponya mtu uchungu huo. Wakapiga makofi. Wakati wa chakula alinishika bega mbele ya sinia la kamba na akaniambia kwamba ananitakia mema. Naamini. Watu wa namna yake wanatutakia mema siku zote, mradi tukae ndani ya ukurasa.

Nikaandika ripoti. Nilieleza desturi ya radhi kwa uangalifu, nikaeleza kwa nini dodoso halifai kwa watu waliofunzwa kujishusha, nikaeleza kwamba watu wa kwetu huombana radhi kabla ya jambo zito. Jambo lenyewe sikulitaja. Nilidhani nimeandika kitu cha maana. Nikampelekea profesa rasimu, akairudisha na maoni ya mstari mmoja tu pembeni ya aya ile: "Jambo zito lipi? Kuchoma nyumba pia ni jambo zito."

Nilikasirika siku nzima. Nilimtukana moyoni kwa lugha ambayo haimo katika dodoso lake. Halafu, jioni, nikayasoma tena maoni yale nikaona kwamba katika miaka yote aliyonisimamia hilo ndilo swali la kwanza la maana aliloniuliza. Mwendesha mashtaka angeliuliza vile vile, na mbele ya hakimu nisingekuwa na jibu zaidi ya kutazama ukuta.

Wakili akabuni njia nyingine. Aliomba ushahidi wa hospitali usikilizwe faraghani, milango ikiwa imefungwa. Mzee alisikiliza mpango huo akatikisa kichwa.

"Na mkwe atakaa wapi?"

"Nje, baba, pamoja na wengine wote."

"Atauliza kwa nini ametolewa. Na mkwe wangu si mjinga, binti yangu. Akikaa nje na maswali mpaka adhuhuri, atakuwa amekwisha kujijibu."

Hata hivyo hakukataa moja kwa moja. Alisema atafikiri. Hakimu alipanga siku ya kutoa uamuzi kuhusu ombi hilo, na siku hiyo ndiyo ninayoimalizia habari hii.

Karandinga lilifika mapema. Mama mkwe alikuwa amekwisha kukaa mahali pake, kikapu miguuni. Meneja alikuwepo pia, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, amevaa miwani ya jua kichwani. Wakati tukingoja nilimuuliza kama lile friji lilikuwa na matatizo.

"Friji gani?"

"Lililokuwa bandani."

"Si tulishanunua jingine? Wewe nawe! Mtu mwenyewe alisema sori, unatafuta nini kwa friji?"

Banda lenyewe, aliniambia, limeshajengwa upya, zuri kuliko la kwanza, na wageni wanalipenda.

Mzee aliletwa kizimbani. Alikuwa amenyoa ndevu na amevaa lile shati safi la Ijumaa ile, limekunjwa kwa uangalifu mikononi. Hakimu alikuwa hajaingia. Mzee akainama juu ya ubao wa kizimba, akamshika wakili mkono. "Binti yangu, kama kuna nililokukosea, kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi." Mzee akamgeukia askari jela aliyekuja naye, akamwambia vivyo hivyo, na askari, mtu wa Lungalunga, akajibu bila kufikiri, "Hakuna baya, mzee, nami niwie radhi." Kisha akanyoosha mkono kwangu, kwa maneno yale yale.

Kabla sijasema kitu karani alisimama akatangaza kwamba hakimu yuko mafunzoni, hotelini Diani, na kesi zote za siku hiyo zimesogezwa mbele. Watu wakaanza kusimama na kulalamika. Askari akamshika mzee mkono mwingine, ule alioninyooshea ukaniponyoka, wakapita mlango wa nyuma.

Wakili alinivuta pembeni, uso umemwiva. "Anakwenda kukiri kosa," alinong'ona. "Akiletwa tena atasema ni yeye aliyechoma, ili cheti kisisomwe. Ndiyo maana anatuaga."

Nilimkimbilia askari alipokuwa akifunga mlango wa karandinga. Nikamuuliza kama kuna mahabusu wanaopelekwa Msambweni kupasuliwa.

"Wapo," akasema. "Hupelekwa kila mara."

"Na huyu mzee yumo?"

"Hilo sijui, mwalimu. Kaulize ofisini."

Nimeuliza ofisini. Walinijibu kwamba ruhusa yangu ya kumwona iliisha na ripoti, na habari za matibabu ya mahabusu hazitolewi kwa mtu asiye ndugu; wakili naye huambiwa na mzee kwamba bado anafikiri. Ndugu anayekwenda kumwona kila wiki ni mama mkwe, na yeye siwezi kumwuliza, wala mkewe simpati bila mamaye kuwa kando. Mpaka ninapoandika haya mzee hajarudishwa mahakamani, radhi aliyoniomba sijui ilikuwa ya kisu au ya kifungo, na bado sijamjibu.